Laptopu ya nyumbani imejaa virusi, fundi anataka hela ya antivairasi nyingine. Ninunue ipi?

Ticha wa Kihonda

Wakuu, habari za jioni. Naenda moja kwa moja maana bando linahesabu.

Nina laptopu moja nyumbani, mtumba, nina mwaka wa nne nayo. RAM 4, diski ile ya kuzunguka, Windows 10. Mimi naandalia mitihani na maazimio ya kazi, mama watoto anatunzia hesabu za duka, vijana wawili wanachezea gemu na kutazama muvi. Kila mmoja ana flashi yake.

Wiki mbili zilizopita nilitoka steshenari kuchapa mtihani. Kuchomeka flashi nyumbani, kila folda imegeuka shotikati. Ukibofya inafunguka, lakini laptopu ikawa nzito kama imebebeshwa saruji. Nikaipeleka kwa fundi. Kakaa nayo siku mbili, kasema kaisafisha na kaniwekea antivairasi "full ya kulipia". Nikatoa elfu 35. Kufika nyumbani nakuta antivairasi mbili, alama zote ziko pale chini kulia karibu na saa. Kuwaka tu inachukua dakika nane, nimepima kwa simu. Jana moja imeandika lisensi imekwisha, nyingine kimya, na shotikati zimerudi.

Fundi anasema dawa ni niongeze hela aweke iliyo kali zaidi. Kabla sijampa, kwa mtu wa hali yangu ninunue ipi? Nawasilisha.

Jicho la Ndani

Nimekaa siti ya mbele. Na yangu ina shotikati.

Leseni Bei Poa

Antivairasi zote zipo, original, mwaka mmoja hadi mitatu. Njoo PM.

Kisiki cha Mpingo

Ticha, shikilia hela yako kwanza. Nianze na hizo mbili.

Antivairasi ya kazi hukaa mlangoni. Kila faili linalofunguliwa, yenyewe inalisoma kwanza ndipo inaliruhusu lipite. Ukiweka mbili, kila faili linasomwa mara mbili, na kila moja inamwona mwenzake kama mgeni anayepekuapekua mafaili. Kwenye diski ya kuzunguka yenye RAM 4 dakika nane hazinishangazi, nimeona ya dakika kumi na mbili.

Windows yako ilikuja na ya kwake, Microsoft Defender. Tangu Windows 8 ya mwaka 2012 imo ndani, haipakuliwi. Ukiweka ya kampuni nyingine, Defender inajikalia pembeni. Ukiitoa, inaamka yenyewe. Kwa hiyo zitoe zote mbili. Baada ya kuzitoa kwa njia ya kawaida, nenda kwenye tovuti ya kila kampuni uchukue kiprogramu chao cha kufuta masalia, maana hizi kitu huwa zinaacha mizizi. Zima, washa, fungua "Windows Security" uone kama kuna tiki ya kijani.

Halafu rudi hapa, usiguse flashi bado.

Bwana Fyuzi

Kisiki, nakuheshimu lakini hii nyimbo ya "Defender inatosha" mnaiimba kwa watu wenye faiba. Fungua matokeo ya AV-Comparatives, wale wapimaji wa antivairasi wa Innsbruck, Austria. Wanapima kompyuta ikiwa na intaneti na ikiwa haina. Yenye intaneti Defender iko juu pamoja na wakubwa. Ikikosa intaneti inaporomoka, na kuna za kulipia ambazo haziporomoki hivyo. Defender inauliza sana kwa wenyewe Microsoft kabla ya kuamua. Sasa Ticha kasema bando linahesabu. Laptopu yake mchana kutwa iko nje ya mtandao, na flashi inachomekwa wakati huohuo.

Kisiki cha Mpingo

Hapo umenipata, sibishi. Na kuna jingine la bando ambalo wengi hawalijui. Watu wengi wakiunga laptopu kwa hotspoti ya simu wanawasha "Metered connection" ili Windows isile data. Ni akili nzuri, mimi pia nawasha. Ila ukiiwasha, Defender nayo inaweza kukaa muda mrefu bila kupata orodha mpya ya virusi. Kwa hiyo kabla ya kuchomeka flashi yoyote iliyotoka nje, ingia "Virus & threat protection", shuka hadi kwenye updates, bonyeza "Check for updates". Pale pale inakuonyesha tarehe ya mara ya mwisho. Ukiona ni ya mwezi uliopita, ujue mlinzi wako anatafuta wezi kwa picha za zamani.

Nikiwa na mtu asiyegusa intaneti kabisa kwa wiki nzima, ndiyo, ningemshauri atafute nyingine. Ticha yupo mtandaoni kila jioni, anatuandikia.

Mbeba Boksi

Nichangie kutoka huku Marekani kuhusu hizo za kununua. Kaspersky huku haiuzwi tena. Wizara ya Biashara ilitangaza marufuku Juni 2024, mauzo yakakoma Julai, masasisho yakakatwa Septemba 29. Hoja yao ilikuwa usalama wa taifa, kwamba kampuni ni ya Urusi na serikali ya kule inaweza kuibana; wenyewe Kaspersky walikanusha. Mwezi huohuo wa Septemba watu kibao waliamka wakakuta antivairasi nyingine inaitwa UltraAV imekaa mahali pake kwenye kompyuta zao. Nyinyi huko marufuku hayawahusu, ila mjue mnaponunua lisensi ya miaka mitatu mnanunua na siasa zake.

Na wale wa "ya bure inatosha", Avast walitozwa na FTC, tume ya huku Marekani ya kulinda wateja, dola milioni 16.5 mwaka 2024. Kosa? Taarifa za kurasa wanazotembelea wateja ziliuzwa kupitia kampuni yao tanzu, Jumpshot, waliyoifunga 2020. Programu ya kukulinda ndiyo ilikuwa inakuchungulia. Tena msidhani mkihama mnahama: Avast, AVG, Avira na Norton zote siku hizi ziko chini ya mwenye mali mmoja, Gen Digital.

Leseni Bei Poa

Mnaniharibia biashara wakuu.

Mswahili wa Likoni

Mwalimu, salamu kutoka Mombasa. Mimi si mtaalamu, mimi ni mtu aliyeungua.

Mwaka ule nilitaka programu ya kuhariri video, ya harusi ya dadangu. Bei yake sikuiweza, nikatafuta ya kukraki. Kwenye maelezo wameandika kabisa: zima antivairasi kwanza, italeta kelele za bure. Nikazima. Nikabofya. Kikaja kioo cha Windows kusasisha, kile cha asilimia, nikaenda zangu kunywa chai. Kumbe kile kioo ni cha uongo, kimewekwa nisishtuke huku diski inavyofanya kazi. Kurudi, picha zote zimeongezewa herufi nne mwishoni na hazifunguki. Kila folda ina faili moja, _readme.txt. Wanadai dola 980 ndipo wakufungulie. Ukiwaandikia ndani ya saa 72 wanakupunguzia nusu, 490. Wezi wana promosheni, wallahi.

Aina hiyo inaitwa STOP, wengine Djvu. Kampuni ya Emsisoft ilitoa kifungulio cha bure 2019, lakini kwa matoleo mapya ya virusi hivyo kinafaa tu kama funguo iliyotumika ni ile ya akiba, ya virusi vilivyokosa mtandao siku ile. Ukitazama ile namba yao ya utambulisho, ikiishia na t1 una matumaini. Yangu haikuishia na t1. Sikulipa. Diski ninayo kabatini hadi leo, kila miezi kadhaa napita No More Ransom, tovuti ya vifungulio vya bure, kuona kama pametoka kitu. Picha za harusi zilizobaki ni zile watu walizorusha WhatsApp, zimefifia.

Sasa swali lako la ipi ununue: hela ya lisensi nunua diski ya nje. Nakili mambo yako, kisha ICHOMOE. Ikikaa imechomekwa, inaungua pamoja na nyingine.

Jicho la Ndani

Pole sana kaka. Hiyo ya kuzima antivairasi tunaifanya wote, tusidanganyane.

Ticha wa Kihonda

Mrejesho. Nimezitoa zote mbili, pamoja na masalia. Sasa inawaka dakika tatu na nusu. Defender imeamka, tiki ya kijani. Nikasema afadhali. Nikachomeka flashi, nikaiskani: "No current threats". Lakini shotikati ziko palepale nazitazama kwa macho yangu! Nani mwongo hapa?

Kisiki cha Mpingo

Ticha, chomoa flashi sasa hivi.

Tumpime huyo mlinzi. Kuna faili la majaribio linaitwa EICAR. Ni mstari mmoja wa herufi na alama 68, haudhuru kitu, ila kampuni za antivairasi zilikubaliana ukionekana wapige kelele. Uchukue kwenye tovuti ya EICAR, uubandike kwenye Notepad, uhifadhi kwenye desktop. Mstari wenyewe siuandiki hapa, nisije nikaamsha antivairasi za watu wanaosoma. Defender ikiwa hai, faili halimalizi sekunde chache, litaondolewa na utaona taarifa kona ya chini.

Tuambie.

Ticha wa Kihonda

Nimehifadhi. Dakika kumi sasa. Liko tu.

Kisiki cha Mpingo

Nilijua. Ingia "Virus & threat protection", kisha "Manage settings", shuka hadi chini kabisa kwenye "Exclusions". Tuambie kumeandikwa nini.

Ticha wa Kihonda

Kumeandikwa C:\ halafu chini yake D:\ na E:\

Hivyo tu.

Bwana Fyuzi

Duh.

Kisiki cha Mpingo

Kwa wasioelewa: hiyo ni orodha ya sehemu ambazo Defender imeambiwa isiguse. C ndiyo kompyuta yenyewe, E ndiyo flashi ya Ticha. Mlinzi yuko getini na sare, kaambiwa asimkague yeyote anayeingia. Ndiyo maana tiki ni ya kijani: kwa yeye kila kitu alichoruhusiwa kukagua kiko safi, na hakuruhusiwa kukagua chochote.

Simlaumu fundi kwa ubaya wa roho. Wengi wanafanya hivi kwa sababu moja. Wanaweka kile kiprogramu cha kuamsha Windows na Office bila lisensi, na Defender inakifuta kila siku kwa jina la HackTool:Win32/AutoKMS, mteja anarudi kulalamika. Badala ya kuruhusu faili moja, wanaruhusu diski nzima. Imeisha.

Toa zote tatu. Kisha chagua "Scan options", "Microsoft Defender Offline scan". Laptopu itajizima na kujiwasha, itaskani kabla Windows haijaamka vizuri, ili virusi visipate pa kujificha. Wanasema kama dakika 15, kwa diski yako tegemea zaidi. Hifadhi kazi zako kwanza na uweke chaja.

Ticha wa Kihonda

Sasa Office yangu? Nina mitihani ya madarasa matatu.

Bwana Fyuzi

Hicho kiamshio kikifutwa Office haifi siku hiyo. Ule uamsho huwa ni wa siku 180 na unajihuisha, ukikosa wa kuuhuisha ndipo inaanza kudai. Una muda wa kuhamia LibreOffice, ni bure kihalali, inafungua docx. Majedwali yanaweza kuyumba kidogo, kwa hiyo mtihani ukishaisha utoe kama PDF. Windows yenyewe isiyoamshwa itakuandikia maandishi ya kuomba kwenye kona, lakini Defender inaendelea na masasisho ya usalama yanaingia.

Na kwa kuwa tupo hapo: Windows 10 iliachwa rasmi Oktoba 14, 2025. Microsoft waliongeza mwaka mmoja, hadi Oktoba 2026, kwa wanaojisajili kutoka ndani ya mipangilio ya masasisho. Defender ya Windows 10 itaendelea kupata orodha za virusi hadi 2028. Msichanganye hivi viwili. Orodha ni kumjua mwizi kwa sura, sasisho la Windows ni kuziba tundu la ukutani. Virusi vya WannaCry viliingia Mei 12, 2017 vikafunga kompyuta za hospitali Uingereza na kwingine kwingi, na kiraka kilikuwa kimetoka Machi 14, miezi miwili nyuma. Walioumia wengi walikuwa hawajasasisha.

Shangazi Tarakilishi

Mimi nina swali dogo jamani, nimelifuata hili jambo tangu mwanzo. Kwangu kila nikifungua kivinjari, kona ya chini inatokea "McAfee yako imekwisha, kompyuta ina virusi 5, lipa sasa". Sijawahi kuweka McAfee. Nayo ni hii hii?

Mbeba Boksi

Hapana shangazi, hiyo ni tovuti uliyoiruhusu ikutumie arifa, siku ile ilipokuambia "bofya Allow kuthibitisha si roboti". Haina uhusiano na McAfee wenyewe. Kwenye Chrome nenda mipangilio, faragha na usalama, mipangilio ya tovuti, arifa. Ondoa kila jina usilolijua. Usilipe, usipige namba yoyote. Na ukikutana na tovuti inayokuambia ubonyeze kitufe cha Windows na R kisha ubandike kitu ili "kuthibitisha", kimbia. Hapo unakuwa unaendesha amri ya mwizi kwa mkono wako mwenyewe, na antivairasi mara nyingi inachelewa kwa sababu mwenye nyumba ndiye aliyeamuru.

Shangazi Tarakilishi

Zilikuwa tovuti kumi na saba! Kumetulia. Mungu awabariki.

Ticha wa Kihonda

Wakuu, imeskani dakika 50, nikalala, asubuhi nikafungua "Protection history". AutoKMS ile mliyosema, viwili vya gemu za vijana, na Worm:VBS/Jenxcus. Nimejaribu tena lile faili la EICAR: kabla sijaondoa mkono kwenye kibodi limeshaondoka. Nimefurahi kama mtoto.

Flashi sasa. Ina mitihani ya miaka mitatu, naifomati?

Kisiki cha Mpingo

Usifomati. Jenxcus ndiyo ya shotikati yenyewe, na mafaili yako hayajafutwa. Zamani virusi vya flashi vilijiendesha vyenyewe ukichomeka tu. Microsoft walipozima hilo kwa masasisho ya 2011, ikabidi mtu mwenyewe abofye. Ndipo hii mbinu ikanoga. Inazificha folda zako kwa kuzipa alama za mafaili ya mfumo, inaweka shotikati yenye jina lilelile na picha ya folda. Ukibofya, inaendesha virusi kwanza halafu inakufungulia folda halisi, usihisi kitu.

Sasisha Defender, chomeka flashi bila kubofya kitu, iskani. Kisha tafuta "cmd" kwenye menyu ya Start, fungua, andika hivi kama flashi ni E:

attrib -h -r -s /s /d E:\*.*

Folda halisi zitajitokeza. Futa shotikati zote, na faili lolote linaloishia .vbs usilolijua. Kisha kwenye dirisha la mafaili, sehemu ya "View", weka tiki kwenye "File name extensions". Isitoke tena. Siku utakayoletewa "matokeo.pdf.exe" utaliona na mkia wake.

Ticha wa Kihonda

Zimerudi zote! Hata mtihani wa 2023 niliodhani nilipoteza.

Limebaki hili la steshenari. Mtihani siwezi kumrushia kijana wa watu WhatsApp, ukivuja kazi sina. Lazima niende na kitu mkononi, na kile kitu kinarudi na virusi kila mara.

Mswahili wa Likoni

Mwalimu, mimi na saiba za huku natumia memori kadi ndogo ndani ya adapta yake kubwa. Ubavuni ina kiswichi kidogo kimeandikwa Lock. Weka PDF nyumbani, kishushe, nenda nayo na kisomeo cha USB. Kwa visomeo vingi kompyuta itasoma tu, haitaandika. Jaribu nyumbani kwanza, kuna visomeo vinavyokipuuza.

Ticha wa Kihonda

Nimetoka steshenari sasa hivi. Kisomeo nilikijaribu jana usiku, kinakitii kiswichi. Nikampa kijana kadi, kaichomeka, tukawa tunasubiri ifunguke. Kabla hajagusa hata kipanya kikatokea kiboksi: diski imefungwa, haiwezi kuandikwa. Kaifunga. Kikarudi. Kaifunga tena. Ananiuliza, "Ticha, mbona kadi yako inasumbua?"

Nikamuuliza, wewe umeiambia iandike nini?

Tumetazamana.

Jicho la Ndani

Sasa mwambie afungue Exclusions.

Ticha wa Kihonda

Kesho saa nane naenda na laptopu yangu na lile faili la EICAR. Kasema akipona atanichapia mtihani wa darasa la sita bure.